Kuunda jahazi la mfano kwa skeli ya 1:40, kutoka mkuku hadi tanga

Jahazi la mfano lina tabia moja inayowatesa wanaoanza: kosa halionekani pale lilipofanyika. Kiunzi (fremu ya kukatiza inayoupa mwili wa jahazi umbo) kilichochomoza kwa milimita moja kinanyamaza wiki tatu, kisha rangi ikikauka kinajitokeza ubavuni kama uvimbe. Gundi iliyopakazwa kwa kidole leo inaonekana siku ya kupaka mafuta, pale mti unapokataa kunywa na kuacha doa jeupe. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye kazi za mwanzo na kupita upesi kwenye mapambo.

Skeli na vipimo

Tunaunda jahazi la mita 16, lenye hanamu (mti wa mbele kabisa wa chombo) iliyosimama wima kama yanavyoundwa Lamu. Majahazi ya Zanzibar hulaza hanamu, na ukitaka la namna hiyo badilisha mchoro wa omo, yaani sehemu ya mbele, tu; kazi nyingine ni ile ile. Kwa skeli ya 1:40, mita moja ya kweli ni milimita 25. Chombo chetu kinakuwa na urefu wa sentimita 40, upana 12, na kina cha sentimita 5.5 kutoka mkuku (mti wa chini unaobeba chombo chote) hadi ukingo katikati ya jahazi. Baharia wa mita 1.70 anakuwa na sentimita 4.25. Mchonge huyo baharia kwanza kwa kipande cha mti na umweke mezani, kwa sababu atakuonya kila unapotaka kutengeneza ndoo kubwa kuliko mtu.

Skeli ndogo zaidi, mfano 1:75, inaonekana rahisi kwa kuwa inakula mbao chache, lakini kamba zake ni nyembamba kiasi kwamba kuzifunga ni mateso. Kwa jahazi la kwanza baki na 1:40.

Kama huna mchoro, pima chombo cha kweli kilichopwelewa. Matondoni kule Lamu na Nungwi kule Unguja bado kuna mafundi wanaounda, na maji yakitoka utakuta vyombo vimekaa mchangani. Omba ruhusa kwa mwenyewe. Kisha vuta uzi kutoka hanamu hadi tezi (sehemu ya nyuma) katikati ya chombo, weka alama kila mita 1.4, na kwenye kila alama ning'iniza timazi kutoka ukingoni. Pima umbali kati ya uzi wa timazi na ubavu kila sentimita 40 ukishuka. Alama kumi zinatosha. Ukizigawanya kwa 40 unapata viunzi kumi vinavyoachana kwa milimita 35. Makumbusho ya Lamu nayo yana mifano ya vyombo vya pwani. Kaa mbele yake uone jinsi tezi inavyopanuka, kwa sababu hapo ndipo michoro mingi ya kubahatisha inapokosea.

Mbao na zana

Usitumie mvule wala mninga kwa mbao za ubavuni, hata kama jahazi la kweli limeundwa kwa miti hiyo. Nyuzi na vinyweleo vyake ni vikubwa. Kwenye ubao wa milimita 5 vinaonekana kama mifereji. Tafuta mti wenye nyuzi ndogo zilizonyooka. Podo inafaa sana. Unahitaji vipande vyembamba vya 1 × 5 mm, urefu wa sentimita 45, visivyopungua 50: 38 vya ubavuni na vilivyobaki ni vya kuvunjika, maana vitavunjika. Kama fundi seremala anakupasulia, mwambie apasue 1.3 mm nawe umalizie kwa msasa, kwani msumeno huacha mikwaruzo.

Mbali na hivyo: plaiwudi ya 3 mm ya viunzi na mgongo, kipande cha mti cha 5 × 5 mm cha mkuku, mti laini wa kujazia omo, gundi nyeupe ya mbao, na supaglu kidogo kwa kamba tu. Zana ni msumeno wa uzi, kisu chenye wembe wa kubadilisha, rula ya chuma, tupa bapa, keekee ya mkono yenye biti za 0.7 na 1 mm, msasa namba 120, 180, 240 na 320, na vibanio vya nguo thelathini. Vibanio vya mbao vina nguvu kuliko vya plastiki. Vigeuze midomo na vitashika sehemu pana zaidi.

Mgongo na viunzi

Jahazi letu linaundwa kichwa chini. Kila kiunzi kinachorwa na miguu miwili inayopita juu ya ukingo na kuishia kwenye mstari mmoja, milimita 90 kutoka chini ya mkuku. Miguu hiyo inasimama juu ya ubao mnene ulionyooka, wa sentimita 50 kwa 15, wenye mstari wa katikati na mistari kumi ya kukatiza. Usipoiweka miguu ukaunda mkononi, mgongo wa plaiwudi utajipinda wakati wa kupiga mbao, na jahazi lililopinda halinyooshwi tena.

Bandika nakala za mchoro juu ya plaiwudi kwa gundi ya karatasi, kisha kata nje ya mstari kwa nusu milimita na umalizie kwa tupa. Viunzi vinavyoangukia ngamani (ndani mwa chombo panapokaa shehena), namba 3 hadi 7, vikate na ndani pia, vibaki kama pete ya upana wa milimita 6, kwa kuwa jahazi halina sitaha katikati na kila mtu atachungulia humo.

Sasa mipasuo ya kupachikia viunzi kwenye mgongo. Iwe na upana sawa na plaiwudi yenyewe, wala si "milimita 3" ya kwenye risiti, kwani plaiwudi nyingi hupungua kidogo. Jaribu kwa kipande cha taka. Kiunzi kiingie kwa kusukumwa na kidole kimoja. Kikihitaji nyundo, kila kimoja kitapanua mpasuo wake kidogo na viunzi kumi kwa pamoja vitaupinda mgongo kama upinde. Kikilegea, kitasimama mshazari gundi ikikauka.

Chini ya mgongo gundisha mkuku, na mbele yake hanamu, vyote vya unene wa 5 mm. Hesabu yake ni hii: mgongo una 3 mm, mkuku una 5, kwa hiyo kila upande inabaki 1 mm, ambayo ndiyo unene wa ubao. Mbao zitakaa sawa na uso wa mkuku bila kuchonga mfereji. Nyuma malizia na fashini, mti utakaobeba usukani, na ubao wa tezi.

Kati ya viunzi viwili vya kwanza na hanamu jaza mti laini na uuchonge ufuate umbo. Hapo mbao zinapinda kwa nguvu na zinahitaji mahali pa kushika. Ukiacha pengo, zitabonyea ndani.

Kulainisha mkunjo

Hii ndiyo siku inayoamua jahazi litafananaje, na ndiyo siku watu wengi wanayoikimbia.

Chukua kipande cha mti chepesi cha 2 × 5 mm na ukilaze juu ya viunzi, kikigusa vinne au vitano kwa pamoja, kutoka omo kuelekea tezi. Kitazame kwa pembeni, macho yakiwa usawa wa meza. Kinatakiwa kugusa kila kiunzi kwa upana wake wote wa 3 mm. Viunzi vya mbele vitagusa kwa ncha ya mbele tu, kwa sababu jahazi linajikaza kuelekea omo. Paka kingo zote penseli, kisha sugua kwa msasa namba 120 uliobandikwa kwenye fito ya sentimita 20, ukipitia viunzi vitatu kwa wakati mmoja. Penseli inapoisha ndipo panapoliwa. Kamwe usisugue kiunzi kimoja peke yake.

Kiunzi kikiwa chini, kile kipande chepesi kinapita juu yake na mwanga unaonekana. Usishushe vingine tisa vifuate hicho. Gundisha ukanda wa karatasi ngumu au ubao mwembamba ukingoni mwake, subiri ukauke, usugue tena. Pima katika mistari minne: karibu na mkuku, kwenye mkunjo wa tumbo, katikati ya ubavu, na ukingoni. Mtu makini hutumia jioni mbili hapa. Aliyetumia nusu saa atakuja kununua puti.

Kupiga mbao

Anza na hesabu. Zungusha ukanda wa karatasi juu ya kiunzi cha katikati kutoka mkuku hadi ukingo: kwenye mchoro wetu unapata 95 mm, yaani mbao 19 za 5 mm kila upande. Zungusha omo: 62 mm. Gawanya kwa 19 unapata karibu 3.3 mm. Kila ubao basi unachongwa kutoka 5 mm katikati hadi 3.3 mbele. Kanuni ya kulinda ni kwamba ubao usishuke chini ya nusu ya upana wake, 2.5 ndiyo mpaka wetu, na tuko salama. Nyuma mambo yanageuka, tezi ni pana: 105 mm. Mbao 19 zinafunika 95, linabaki pengo la 10. Litajazwa na kabari mbili ndefu zilizochongoka mbele, wala si kwa kuvuta mbao zipanuke.

Asiyepunguza mbao omo huona zikipandana, na ili ziingie huzikunja kiubavu. Ubao haukubali kukunjwa kiubavu. Ukingo mmoja unainuka, na sura ya jahazi inakuwa ya kopo lililobonyezwa.

Loweka ubao katika maji ya moto dakika 15 hadi 20. Uzungushe taratibu kwenye sufuria yenye maji yanayochemka, nje yake, ukifuata mkunjo wa omo. Ubane kwenye jahazi kwa vibanio bila gundi na uuache hadi kesho. Hapa ndipo haraka inapoleta hasara: ubao ukigundishwa ukiwa mbichi umevimba, ukikauka unasinyaa, na kati yake na mwenzake inafunguka nyufa inayopitisha wembe. Ukiwa mkavu, paka gundi kwenye kingo za viunzi na kwenye ubavu wa ubao uliotangulia, bana, na ufute kila tone linalochomoza kwa kitambaa kilicholowa maji. Futa kabla ya dakika tano. Usisambaze kwa kidole.

Ubao wa kwanza ni wa ukingoni, kwa sababu ndio unaochora mstari wa jahazi mbele ya macho ya watu. Wa pili ni ule unaokaa pembeni mwa mkuku. Kisha endelea kwa zamu, mmoja kutoka juu, mmoja kutoka chini, na daima ubao wa kulia ufuatiwe na wa kushoto. Upande mmoja ukipata mbao tano na mwingine haujapata hata mmoja, viunzi vyenyewe vinavutwa. Mbao za juu na za chini zitakutana kwenye mkunjo wa tumbo, na pengo la mwisho halitakuwa na upana sawa popote. Lifunike kwa karatasi, pitisha penseli juu ya kingo, kata karatasi, uihamishie kwenye ubao mpana.

Kuhusu misumari: jahazi la kweli limejaa misumari, lakini kichwa cha sentimita 2 kwa skeli hii ni nusu milimita. Pini za shaba zenye vichwa vya kung'aa hulifanya jahazi lifanane na nungunungu. Ama choma vitundu vidogo kwa sindano na uvijaze penseli, ama acha kabisa.

Gundi ikishakauka siku nzima, kata miguu ya viunzi na ugeuze chombo. Sugua nje kwa namba 120, 180, kisha 240, ukifuata nyuzi. Ubao una 1 mm tu, na ukizidisha mahali pamoja utatoboka. Mwisho pitisha kitambaa chenye unyevu, nyuzi zisimame, subiri zikauke, na umalize na 320.

Ngama

Ndani ya pete za plaiwudi ongeza mataruma: vipande vya 2.5 × 2.5 mm vilivyolowekwa na kupindwa, vitatu kati ya kila viunzi viwili, viachane takriban milimita 9. Juu weka darumeti (boriti za kushikilia sitaha) za kukatiza, na mbele na nyuma sitaha fupi. Plaiwudi inayoonekana ifunike kwa ukanda mwembamba wa mti. Ukiona kazi ya ngamani si safi, dawa ya heshima ni shehena. Boriti za mikoko kutoka Lamu na Rufiji zilivuka kwa majahazi hadi Uarabuni na Ghuba kwa miaka mingi, na kuziiga ni rahisi: vijiti vyenye gome, unene wa 2.5 mm, urefu wa sentimita 10. Vichemshe kwanza na uvianike, la sivyo dumuzi atatoka humo na kuhamia kwenye mkuku.

Mafuta, deheni na rangi

Hapa wengi hulipatia jahazi sura ya meza ya hoteli. Chombo cha kazi hakimetimeti. Juu ya maji hupakwa sifa, mafuta ya papa, na mti unakuwa na rangi ya kahawia iliyokolea, butu. Chini ya maji hupakwa deheni, chokaa iliyochanganywa na shahamu, ili kuzuia wadudu wa baharini; inaonekana nyeupe iliyochafuka.

Kwa jahazi la mfano, juu tumia mafuta ya kitani. Kabla ya kupaka, futa chombo chote kwa kitambaa chenye maji: mahali palipo na gundi patabaki na rangi hafifu wakati kwingine kote kumekolea. Kwangua hapo kwa wembe. Ukipaka mafuta bila ukaguzi huu, madoa yatakaa hapo daima. Paka kidogo, subiri dakika 20, futa yote yaliyobaki juu, rudia kesho yake. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivikunje na kuvitupa kwenye pipa: hupata joto vyenyewe na kuweza kuwaka moto. Vitandaze nje vikauke au uvizamishe kwenye maji.

Mstari wa maji chora kabla ya mafuta. Weka jahazi mezani kwenye kibao chake likiwa limenyooka, funga penseli juu ya kipande cha mti ikiwa na kimo cha milimita 27 kutoka chini ya mkuku, zungusha kipande kulizunguka jahazi. Bandika tepu juu ya mstari, ubonyeze ukingo wake kwa ukucha, kisha pitisha vanishi butu kwanza. Ikivuja, itavuja isiyo na rangi na kuziba njia. Halafu rangi ya akriliki: nyeupe sehemu kumi, manjano ya udongo sehemu moja, na kahawia kwa ncha ya brashi. Mikono mitatu myepesi. Vua tepu rangi ikiwa haijakauka kabisa, ukiivuta kurudi nyuma juu ya yenyewe. Sehemu iliyopakwa rangi isiguswe na mafuta. Subiri siku tatu.

Macho ya omo ni visahani vya 8 mm, na usukani unaning'inia kwenye fashini kwa bawaba za bati lililokatwa kwenye kopo. Kana (mkono wa kugeuzia usukani) iingie kichwani mwa usukani kwa tundu la mraba. Zaidi ya hapo, mapambo ni hiari yako.

Mlingoti, foromali na tanga

Mlingoti una urefu wa sentimita 30 na unene wa 6 mm chini, 4 juu. Anza na mti wa mraba, kata pembe uwe na nyuso nane, kisha viringisha ndani ya msasa uliokunjwa. Unainamia mbele kidogo, kuelekea omo; aliyeusimamisha wima ametengeneza mashua ya ng'ambo. Foromali, mti unaobeba tanga, ni sentimita 42, nayo isiwe kipande kimoja. Chukua viwili vya sentimita 26, vipishane sentimita 10 katikati, na uvifunge kwa uzi sehemu nne. Katikati 5 mm, ncha 2.5.

Kabla ya kupandisha chochote, amua upepo unatoka wapi. Foromali na tanga hukaa upande wa chini ya upepo wa mlingoti, na bendera lazima ikubaliane. Mifano mingi mizuri ina tanga linalovuta kulia na bendera inayopepea kushoto.

Kitambaa cha matanga kwa muda mrefu kilikuwa marekani, pamba isiyopaushwa, jina lililobaki kutoka biashara ya karne ya 19. Kwa jahazi la mfano marekani ni nene mno. Tumia pamba nyembamba kama ya leso kuukuu, uichovye dakika 10 katika nusu lita ya chai ya vifuko viwili. Kata pembetatu ya sentimita 39 upande wa foromali, 34 nyuma, 30 chini, ukiacha 4 mm ya pindo. Mishono ya vipande ichore kwa penseli ngumu kila milimita 15, sambamba na ukingo wa nyuma. Cherehani ina mshono wa 2.5 mm, ambao kwenye jahazi la kweli ni sentimita 10, yaani gunia. Zungusha kamba ya 0.5 mm pembeni na uishone kwa mkono.

Ili tanga lijae, lichovye katika gundi nyeupe sehemu moja kwa maji sehemu nne, lilaze juu ya puto lililojazwa nusu, likauke.

Kamba zote ni uzi wa pamba wa rangi ya makumbi. Zipitishe kwenye nta ya nyuki mara mbili, la sivyo manyoya yake yataonekana kama mwani. Henza (kamba ya kupandishia foromali) iwe 0.8 mm, ikipita juu ya mlingoti na kushuka kwenye gofia (kapi), jarari (kamba ya kuvutia henza kupitia gofia) 0.5, demani (kamba ya kuongozea tanga) inafungwa kona ya nyuma ya tanga na kurudi tezi, kamba ya goshi inavuta kona ya mbele kwenye omo. Funga mlingoti kwanza, kisha henza, mwisho demani. Ukianza na demani, tanga litavuta mlingoti na kila kitu cha baadaye kitafungwa kwenye mti uliopinda.

Supaglu tone moja linatosha kwenye fundo, kwa ncha ya sindano. Ila mwisho wa jarari usiutie gundi hata kidogo. Uzungushe kwenye kijiti chake na uuache hivyo, kwa sababu pwani kamba hulegea na kukaza majira yakibadilika, na utahitaji kulifungua fundo hilo moja, kuvuta milimita mbili, na kulifunga tena.